Mkonga Haugeuzi Gari Kuwa Boti

Madai manane kuhusu pikapu ya Land Cruiser, na majibu yake

Ukitaja pikapu ya Land Cruiser mbele ya madereva wa Singida, Garissa au Goma, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba haizami, haizidiwi mzigo, haikwami, haizeeki, na ikizima porini fundi yeyote ataiamsha kwa spana mbili na kipande cha waya. Sehemu ya sifa hizo inaistahili. Hili ndilo gari ambalo mashirika ya misaada hulinunua kwa wingi, polisi wa Kenya hulipanda doriani, kambi za migodi hulitegemea, na karakana za Arusha hulikata na kulirefusha ili libebe watalii wa Serengeti. Mombasa kuna kiwanda kinachoiunganisha pikapu hii.

Lakini sifa ikikaa kijiweni muda mrefu hugeuka imani, na imani juu ya chuma ina gharama. Tunayoizungumzia hapa ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, chasisi ya 79: kebini mbele, bodi nyuma, na lile bomba la hewa pembeni mwa kioo lililowafanya Watanzania waliite gari zima "mkonga". Hoja yangu ni moja. Uwezo wa pikapu hii umetokana na mahesabu ya wahandisi waliokubali kupoteza kitu ili wapate kingine. Anayejua walichopata na walichopoteza atalitumia miaka 20. Anayeamini kwamba halina kikomo atalivunja, au litamvunja yeye.

Dai la kwanza: "Lina mkonga, kwa hiyo maji si tatizo."

Mkonga huhamisha mahali pa kuvutia hewa kutoka ndani ya boneti hadi usawa wa paa. Kule juu vumbi ni kidogo, na kwa gari linalofuata mwenzake kwenye barabara ya changarawe hilo ni jambo kubwa, maana chujio la hewa hukaa safi muda mrefu zaidi. Kwa upande wa maji, mkonga uliofungwa vizuri huzuia jambo moja tu: injini kuvuta maji. Injini ikiyavuta, pistoni hukutana na kitu kisichobanika, na kinachopinda ni konrodi. Hiyo ni kinga ya maana, lakini inahusu njia moja tu ambayo maji huingilia.

Njia nyingine zimebaki. Alternata na stata zipo chini. Difu na gia boksi zina matundu ya kupumulia, na difu iliyopata moto safarini ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo hupungua ujazo na kuyavuta maji kupitia tundu lile au sili iliyochoka. Oili hugeuka rangi ya maziwa, kisha beringi hufa wiki kadhaa baadaye, wakati dereva ameshausahau mto. Toyota wenyewe wametaja milimita 700 kuwa kina cha juu cha kuvuka. Pima tairi la pikapu yako na utaona kwamba kina hicho hakifiki juu ya tairi. Tena ni kwa maji yaliyotulia, ukienda polepole.

Maji yanayotembea ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo dai hili linapoua. Kila mita moja ya ujazo ya maji ambayo gari limeyachukulia nafasi hupunguza tani moja ya uzito unaokandamiza tairi chini. Wakati huohuo nguvu ya mkondo hukua kwa mraba wa kasi yake: mkondo ukienda kasi maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Desemba 2021 basi lilisombwa katika mto Enziu, kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi lile lilikuwa zito kuliko pikapu yoyote ya Land Cruiser. Mkonga haushiki chini. Kinachoshika chini ni uzito, na mto ndio unaouchukua.

Dai la pili: "Wameandika tani moja, lakini linabeba tatu bila neno."

Tuanze na hesabu. Uzito wote unaoruhusiwa wa pikapu hii, gari na kila kilichomo, ni takriban tani 3.3 hadi 3.5 kutegemea mwaka na soko lililouziwa. Likiwa tupu lina tani mbili na ushei. Kinachobaki ni tani moja na kidogo, na ndani ya hicho kinahesabiwa kila kitu. Tanki la lita 130 likijaa, dizeli peke yake ina kilo 110 hivi. Watu watatu kebini ni kilo 200 na kitu. Ongeza bampa la chuma, keria, jeki kubwa, tairi mbili za akiba. Kwa mkulima wa Sumbawanga kinachobaki ni magunia saba ya mahindi ya kilo 100, na yakiwa ya lumbesa hata saba hayafiki.

Mtetezi wa dai atajibu kwamba ameona kwa macho yake pikapu ikibeba tani tatu na ikafika. Ameona kweli, na hakuna anayembishia. Springi za nyuma ni za vipande bapa vya chuma vilivyopangwa, na zina subira kubwa. Kosa lake ni kudhani kwamba springi ndiyo gari zima.

Chukua pikapu yenye jumla ya tani 3.3 ikienda kilomita 80 kwa saa. Kusimama maana yake ni kugeuza mwendo wote ule kuwa joto kwenye breki. Ongeza tani mbili juu ya kiwango, na joto ambalo diski na ngoma zilezile zinapaswa kulimeza linaongezeka kwa asilimia 60. Kwenye barabara tambarare utahisi breki zimekuwa nzito. Ukishuka mteremko wa Kitonga, mafuta ya breki yatachemka, pedali itakwenda hadi sakafuni, na hakuna springi itakayokusaidia.

Wengine huongeza vipande vya springi wakiamini wameongeza uwezo. Wameinua bodi, basi. Mzigo uleule sasa unakwenda kwenye ekseli, beringi za magurudumu, tairi na chasisi, ambavyo havikuongezewa chochote. Chasisi hupata ufa taratibu, mara nyingi nyuma ya kebini, mahali bodi inapojaribu kuikunja. Uzito ukizidi nyuma, tairi za mbele nazo hupungukiwa na mshiko na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza.

Watu hupenda kutoa mfano wa Hilux za miraa zinazotoka Meru kwenda Nairobi zimejaa hadi juu na zinakimbia. Mfano huo unathibitisha kwamba miraa hunyauka na soko halisubiri. Kuhusu uimara wa pikapu hauthibitishi lolote, na barabara ile inazijua ajali zake.

Dai la tatu: "Ni gari lilelile tangu 1984, Toyota hawajaligusa."

Kinachowadanganya watu ni sura. Mfululizo wa 70 ulitoka 1984 kuchukua nafasi ya ule wa 40, na boneti ile ya mraba haijaondoka. Chini yake mambo yamebadilika mara nyingi. Mwaka 1990 ilikuja injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ambayo ndiyo wengi wetu tunaifahamu kwa mlio. Mwaka 1999 ilikuja chasisi ya 79: springi za mbele zikawa za kuzunguka badala ya zile bapa, na nati za tairi zikapungua kutoka sita hadi tano. Mwaka 2007 baadhi ya masoko, Australia likiwa mbele, yalipata V8 ya dizeli yenye turbo. Mwaka 2012 ikaja kebini ya milango minne. Mwaka 2016 toleo la Australia likaimarishwa bodi na kuongezewa mifuko ya hewa. Mwaka 2023 ikaingia injini ya lita 2.8 yenye silinda nne na gia sita za kujibadilisha.

Mabadiliko mengine hayakuwa ya kujivunia. Ili V8 ienee, pua ya gari ilipanuliwa na ekseli ya mbele ikapanuliwa nayo. Ya nyuma ikaachwa. Matokeo yake, kwa miaka mingi nafasi kati ya magurudumu ya nyuma imekuwa finyu kwa karibu sentimita 10 kuliko ya mbele. Kwenye mchanga laini tairi za nyuma hazifuati njia iliyokwisha kukandamizwa na za mbele, bali huchimba yake. Ajabu ni kwamba wanaosema gari hili halina kasoro ndio haohao wanaosema halijabadilika, na kasoro hii imezaliwa na badiliko.

Kilichoachwa makusudi ni mambo mawili: chasisi ya ngazi iliyotenganishwa na bodi, na ekseli nzima mbele na nyuma. Ekseli nzima haina viungo vingi vya kuchakaa, na gurudumu moja likipanda jiwe difu hupanda nalo, kwa hiyo nafasi iliyo chini yake haipungui. Bei yake unailipa barabarani. Chuma kizito kinachoruka juu na chini pamoja na tairi hufanya gari lirushe abiria, na gari likifika kilomita 110 kwa saa usukani haukupi habari kamili. Wahandisi walijua hayo yote na wakachagua jiwe badala ya lami.

Dai la nne: "Silinda nne si Land Cruiser. Bora 1HZ, ukiifunga turbo inaizidi hata V8."

Hapa kuna madai mawili yaliyofungwa kamba moja. Tuyafungue.

La kwanza linaanguka kwa tarakimu. 1HZ haina turbo, na inatoa kilowati 96 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutonimita 285. V8 ya lita 4.5 katika pikapu hii ilitoa kilowati 151 na nyutonimita 430. Ile ya lita 2.8 inayodharauliwa inatoa kilowati 150 na nyutonimita 500. Kwa torki, ambayo ndiyo humnyanyua mtu na mzigo wake kutoka bondeni, injini ndogo inaipita V8 na kuiacha 1HZ mbali.

Tofauti hukua kadiri unavyopanda. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,800, usawa wa jiji kama Nairobi, hewa imepungua uzito kwa takriban sehemu moja ya sita ukilinganisha na Tanga au Mombasa, na nguvu ya 1HZ hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ndiyo maana pikapu iliyotoka Dar es Salaam ikitamba hufika Makambako ikiomba gia ya tatu. Turbo hulifidia pengo hilo kwa kuisukuma hewa ndani.

Mpenzi wa 1HZ ana hoja moja nzito iliyobaki, nayo ni umri. Injini ile imefanya kazi tangu 1990 katika mazingira mabaya kuliko mengi, na kwa kila lita ya ujazo wake inafanya kazi ndogo. Injini ya 2.8 inakamuliwa zaidi. Hata hivyo si mgeni: imo katika Hilux na Prado tangu 2015. Ambaye safari zake ni za mbali na gereji yoyote ana sababu ya haki ya kubaki na 1HZ. Aseme tu kwamba amechagua urahisi, asiseme amechagua nguvu.

Dai la pili, la kufunga turbo, ni la hatari zaidi kwa sababu linauzwa gereji. Toyota walipotaka 4.2 yenye turbo hawakufunga turbo kwenye 1HZ. Walitengeneza injini nyingine, 1HD-T, inayonyunyizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na yenye mbano wa chini ya 19 kwa 1. 1HZ huchomea dizeli kwanza katika chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na mbano wake ni karibu 22 kwa 1. Ukiusukumia hewa ya ziada na dizeli ya ziada mpango huo, joto hupanda mahali ambapo hapakuandaliwa kulipokea. Fundi makini anayeweka mgandamizo mdogo na kupima joto la moshi anaweza kukupa gari lenye uhai. Anayefungua skrubu ya pampu hadi moshi uwe mweusi anakuuzia nguvu ya miezi michache, na silinda hedi yenye ufa kama nyongeza.

Dai la tano: "Ukiingiza magurudumu manne, hukwami."

Dai hili linajibika kwa ufupi. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu linalozunguka kwa urahisi zaidi. Ukiwa umeingiza magurudumu manne, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mshiko, yale mawili mengine yatakutazama tu. Ndiyo maana kuna loki ya difu, na si kila pikapu inayo. Aidha, matoleo mengi yana habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Dereva ambaye hajashuka kuzifunga ameingiza gia tu. Magurudumu yake ya mbele bado hayasukumi.

Mchangani, kinachosaidia kuliko loki ni kupunguza upepo wa tairi, na hilo halihitaji gari la gharama. Kwenye lami kavu mambo hugeuka. Mfumo huu hauna difu ya katikati, kwa hiyo ukikata kona ekseli mbili zinazotaka kuzunguka kwa kasi tofauti hupigana, na anayeumia ni gia boksi. La mwisho, na ndilo linalosahaulika kuliko yote: magurudumu manne hukusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki, na breki nne kila gari linazo, hata Vitz.

Dai la sita: "Chuma kizito ndicho usalama."

Uzito husaidia unapogongana na kitu chepesi kuliko wewe. Mbuyu si mwepesi kuliko wewe. Wala lori la tani 56, ambazo ndizo kikomo cha uzito wa malori katika barabara za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinachomwokoa binadamu katika ajali ni muda: sehemu ya mbele ya gari ikunjike kwa mpango ili mwili usisimame ghafla, mkanda umshike, mfuko wa hewa umpokee, na kebini isikunjike. Gari ambalo halikukunjika kabisa limempelekea abiria kipigo chote.

Ushahidi umo katika historia ya gari lenyewe. Mwaka 2016 pikapu ya kebini moja ilipata nyota tano kutoka ANCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Australia na New Zealand. Ilizipata baada ya Toyota kuimarisha chasisi na bodi, kuongeza mifuko ya hewa na kuweka mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza. Waliokuwa na haja kubwa na nyota hizo ni makampuni ya madini, ambayo kanuni zao za usalama zilikuwa zinaelekea kulikataa gari lisilo nazo. Kama uzito wa chuma ungetosha, kazi yote hiyo isingehitajika.

Nyota zile ziliihusu kebini moja ya toleo la Australia. Pikapu inayouzwa Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura inaweza kuwa na sura ileile na vifaa pungufu. Muulize muuzaji mifuko ya hewa mingapi imo, na kama mfumo wa kuzuia kuteleza upo. Na hakuna toleo lolote, katika nchi yoyote, linalomlinda mtu aliyekaa bodini juu ya magunia. Gari hili ni refu kwenda juu, na likipinduka aliye bodini hana paa wala mkanda.

Dai la saba: "Fundi yeyote analiweza, na vipuri viko kila mahali."

Dai hili lina ukweli mwingi kuliko mengine, ndiyo sababu linahitaji kupunguzwa badala ya kukataliwa. 1HZ ina pampu ya dizeli inayofanya kazi kwa vyuma vitupu. Haihitaji kompyuta ili iwake, na fundi aliyejifunza kwa mjomba wake anaweza kuifungua na kuirudisha. Hata hivyo ina sharti moja lisilosameheka: mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu na pistoni hukutana. Magari mengi yanayosemekana "yamekufa ghafla" hayakufa ghafla. Dashibodi ina taa ya kukumbusha muda wa mkanda, na mara nyingi ilizimwa bila mkanda kubadilishwa.

V8 na 2.8 ni ulimwengu mwingine. Dizeli yake hufika kwenye nozeli kwa mgandamizo unaozidi baa 1,500, na kompyuta ndiyo inayoamua kila tone liingie lini. Hapo adui mkubwa ni dizeli ya madumu iliyochanganyika na maji na mchanga. 1HZ itakohoa na kuendelea. Nozeli za kisasa zitaharibika, na bei ya seti moja itakukumbusha ada za watoto. Baadhi ya masoko hupata pia chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo hutaka dizeli yenye salfa kidogo sana. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Ilikuwa hatua kubwa, lakini Ulaya wako kwenye 10. Anayeagiza gari lililotumika kutoka nchi yenye dizeli hiyo aliangalie bomba hilo kabla ya kulipa.

Kuhusu vipuri, umaarufu una pande mbili. Gari linalopendwa huvutia wenye vipuri halisi na wenye bandia kwa pamoja. Beringi ya bandia hufanana na halisi mpaka stika, na hutofautiana nayo kilomita 3,000 baadaye.

Dai la nane: "Ndiyo pikapu yenye nguvu kuliko zote duniani. Hata vita ilishinda."

Tuanze na vita. Mwaka 1987 majeshi ya Chad, yakitumia pikapu za Toyota, yaliwafukuza Walibya kutoka sehemu kubwa ya kaskazini mwa nchi na kuiteka kambi kubwa ya Ouadi Doum. Dunia ikaviita Vita vya Toyota. Lakini pikapu zile hazikushinda kwa kuwa ngumu kuliko vifaru. Kifaru ni kigumu kuliko pikapu yoyote. Zilishinda kwa sababu zilikuwa nyepesi na za haraka, zikiendeshwa na watu wanaolijua jangwa, zikibeba makombora ya MILAN kutoka Ufaransa ambayo huchoma kifaru kwa mbali. Mwenye kujaza pikapu yake tani tatu kwa kujivunia vita ile ameondoa sifa hasa iliyoishinda.

Kisha tuende Marekani, ambako neno "pikapu nzito" lina maana nyingine. Ford Super Duty ya 2023, ikiwa na dizeli ya V8 ya lita 6.7 katika toleo lake la juu, hutoa nyutonimita 1,627. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya 1HZ. Toleo lake la F-450 huvuta trela la hadi tani 18 lililofungwa juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya bodi. Land Cruiser hukadiriwa tani 3.5. Kwa kipimo cha kuvuta, shindano hili halikuanza.

Mbona basi F-450 haijajaa Turkana na Ituri? Iangalie imejengwa kwa kazi gani. Ikiwa tupu inakaribia tani nne, yaani inaipita Land Cruiser iliyojaa. Nyuma ina tairi nne, na upana wake pale ni karibu mita 2.4, wakati Land Cruiser haifiki 1.9. Imechorwa kwa ajili ya mfugaji wa Texas anayevuta ng'ombe kwenye lami pana, mwenye wakala wa Ford umbali wa saa moja. Ipeleke kwenye daraja la magogo au njia iliyokatwa kwa upana wa mkokoteni wa ng'ombe, na kila kilichoifanya mfalme kule kitakuwa kizuizi huku. Mpeleke Land Cruiser Texas akavute tani 18, naye ataaibika vilevile.

Kinachobaki

Hakuna jibu kati ya haya linaloifanya Land Cruiser kuwa gari baya. Yote yanaonyesha kwamba ni gari lenye kazi yake: kubeba tani moja, kwa mwendo wa wastani, mahali pasipo na barabara wala gereji, kwa miaka mingi. Kwa kazi hiyo si rahisi kupata linalolizidi. Nje ya hiyo, zipo pikapu zinazovuta zaidi, zinazokimbia zaidi, zinazokula dizeli kidogo zaidi na zinazompumzisha abiria zaidi, na nyingine ni za bei nafuu.

Kwa hiyo anayetaka kununua asianze na swali la kama Land Cruiser ni imara. Ajiulize mzigo wake ni kilo ngapi, njia yake ni lami kwa sehemu gani, dizeli yake inatoka kwenye pampu au kwenye dumu, na fundi aliye karibu anajua pampu ya vyuma au kompyuta. Majibu manne hayo yatamwambia achukue injini ipi, kebini ipi, au kama anachohitaji hasa ni Canter ya tani tatu na nusu. Kwa mwenye magunia 30 na barabara ya lami, Canter itamgharimu kidogo na kumfikisha salama zaidi. Na akishanunua Land Cruiser, uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati na katika kitabu cha gari. Tarakimu ile iliwekwa na watu wanaolijua gari hili kuliko kijiwe chochote, na kuiheshimu ni bure.